Kutoka Paketi Hadi Sufuria: Mwongozo Kamili wa Kuihamishia Familia kwenye Chakula cha Kupika Nyumbani

Familia nyingi huanza jambo hili kwa kishindo. Kabati linafagiliwa, paketi zinatupwa, orodha ya mapishi mapya inabandikwa jikoni, na kila mtu anaambiwa kwamba kuanzia leo hapa tunapika wenyewe. Siku tatu nne mambo yanakwenda. Halafu inafika jioni moja mpishi amerudi hoi, maharage hayajalowekwa, vitunguu havijamenywa, watoto wanalia njaa, na paketi zinarudi mezani. Mapishi hayakuwa na kosa lolote. Ile jioni ndiyo haikuandaliwa kitu.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jioni hiyo. Lengo ni kwamba mtu aliyechoka akifungua friji akute nusu ya kazi imeshafanyika, ili chakula kiwe mezani ndani ya nusu saa. Ukilipata hilo, mengine yatakuja kwa mwendo wake.

Tunahama kutoka wapi kwenda wapi

Kupika kuanzia mwanzo si lazima ukasage unga wako wala ukamue maziwa yako. Maana yake ni kwamba chakula kianzie kwenye vitu ambavyo bado vinatambulika kwa sura: nafaka, kunde, mboga, matunda, mayai, maziwa, nyama, samaki, pamoja na vya kupikia kama mafuta, chumvi, sukari na siki.

Kipimo kizuri cha kujua ni kipi cha kupunguza ni mgawanyo unaoitwa NOVA, uliopendekezwa mwaka 2009 na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili. Unavipanga vyakula kwa kadiri vilivyosindikwa, katika makundi 4. La kwanza ni vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo. La pili ni vya kupikia, kama mafuta na chumvi. La tatu ni vilivyosindikwa kwa njia za kawaida: jibini, mkate wa unga, maji, hamira na chumvi, mboga za kopo. La nne ni vile vilivyoundwa kiwandani kwa vitu ambavyo hakuna jiko la nyumbani linavyo: wanga uliobadilishwa, protini iliyotenganishwa, ladha bandia, rangi, vitu vya kugandisha na kulainisha. Hilo la nne ndilo tunalolipunguza. La tatu halina ugomvi na sisi.

Je, tofauti ipo kweli? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wazima 20 walikaa ndani ya kituo kwa wiki 4. Wiki 2 walipewa vyakula vya kundi la nne, wiki 2 vyakula visivyosindikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu akaachwa ale apendavyo. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo 0.9. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Jaribio lilikuwa la watu wachache, lakini lilifanywa kwa umakini mkubwa, na kwangu linatosha kuniambia kwamba jitihada hii si bure.

Wiki ya kwanza: usibadilishe kitu, andika tu

Weka daftari na kalamu jikoni. Kwa siku 7, kila kilichotoka kwenye paketi au kopo, au kilichonunuliwa kimeshapikwa, kiandikwe: ni nini, nani kala, saa ngapi, na kwa nini. Usimkemee mtu na usijikemee. Wiki hii ni ya kutazama.

Lile "kwa nini" lina thamani kuliko mengine yote. Biskuti zililiwa kwa sababu mtoto alitoka shule saa tisa na chakula kilikuwa mpaka saa mbili usiku. Tambi za paketi zilipikwa kwa sababu nyama ilikuwa bado barafu. Soda ilinunuliwa kwa sababu hakukuwa na maji ya baridi. Ukisoma majibu hayo utaona kwamba mara nyingi watu hawakukitaka chakula chenyewe, walitaka kitu kilicho karibu. Basi kazi yako ni kuweka kitu kingine karibu.

Wiki hiyohiyo, zoea kusoma lebo. Kwa kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, viambato huorodheshwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Sukari ikiwa ya pili kwenye orodha ya kitu kinachojiita chakula cha asubuhi, umeshajua unanunua nini.

Kuchagua cha kuanza nacho

Angalia daftari lako na utafute vitu vyenye sifa tatu kwa pamoja: vinaliwa mara nyingi, ni rahisi kuvipika, na cha nyumbani kitakuwa kitamu waziwazi kuliko cha kununua. Mchuzi wa nyanya wa kopo karibu kila mara unashinda mtihani huo. Mtindi wenye ladha na rangi unashinda pia: nunua mtindi mweupe, katia ndizi au tunda jingine lililoiva, kazi imekwisha. Mchuzi wa kumwagia kachumbari na majani mabichi ni mafuta vijiko 3, siki au maji ya limau kijiko 1, chumvi na pilipili manga ndani ya chupa, unatikisa. Nafaka zenye sukari za asubuhi zinaachia nafasi uji wa shayiri bapa (oats) unaochukua dakika 10.

Mkate usiuanze nao. Watu wengi huukimbilia kwa sababu ni wa kupendeza, lakini unahitaji mkono uliozoea, na mikate miwili migumu kama matofali inatosha kuivunja moyo familia nzima. Utakuja baadaye.

Badilisha kitu kimoja, kipe wiki 2, kisha ongeza kingine. Mwendo huu unaonekana wa pole mno, lakini ukiuhesabu kwa mwaka ni vitu zaidi ya 20, na nyumba chache zina vitu vya paketi zaidi ya hivyo. Na usitupe kilichopo kabatini. Kiishe, usikinunue tena. Kutupa chakula kunawafanya watoto waone wanaadhibiwa.

Vyombo: vichache, vizuri

Sufuria moja kubwa yenye kitako kizito, ya lita 5 au 6. Nyingine ndogo. Kikaango kimoja kipana. Mwiko, chujio, mizani, na vyombo vya kuhifadhia vyenye mifuniko inayofunga sawasawa. Sufuria ya presha ni ya hiari, lakini kwa nyumba inayokula kunde kila wiki naipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu presha huifanya joto la maji lifike karibu nyuzi 120 badala ya 100 na maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika chache.

Nitakaa kidogo kwenye kisu, maana ndicho kinachoamua kama utaendelea au utaacha. Kisu butu kinaigeuza kilo ya vitunguu kuwa adhabu ya nusu saa, na ni cha hatari zaidi kwa sababu unakikandamiza, kinateleza, kinaishia kidoleni. Kisu kimoja chenye ubapa wa sentimita 20 hivi kinatosha kazi zote. Kinoe kwenye kinoo kilicholowa, ukikiinamisha nyuzi 15 hadi 20, viharusi sawa kila upande, hadi ukisikie kwa kidole kwamba kuna kijinundu chembamba upande wa pili wa makali. Kisha kiondoe kijinundu hicho kwa viharusi vyepesi. Kipime kwenye nyanya mbivu: kikiingia kwenye ganda kwa uzito wake wenyewe bila kusukumwa, kiko tayari. Chini ya ubao wa kukatia tandika kitambaa kibichi ili usitembee. Vidole vya mkono unaoshikilia vikunje, kucha ziangalie ndani.

Misingi mitatu

Hapa ndipo penye moyo wa mpango wote. Badala ya kupika milo 7 kamili mwisho wa wiki na kuila ikiwa imechoka, pika vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaingia kwenye milo mingi. Kwangu vitatu hivyo ni kunde zilizochemshwa, supu ya mifupa, na rojo ya vitunguu na nyanya. Nyumba isiyokula nyama iiache supu ya mifupa, ichemshe ya mboga kwa maganda ya karoti, vichwa vya vitunguu na mabua ya majani, dakika 45 zinatosha.

*Kunde.* Chukua gramu 500 za maharage makavu, chambua mawe na yaliyooza, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya na uchemshe kwa nguvu. Kwa maharage mekundu jambo hili halina mjadala: yana sumu ya asili inayoitwa lektini, ambayo huvunjwa na mchemko wa kweli. Yaache yatokote kwa dakika 30 za mwanzo kabla hujapunguza moto. Usiyapike yakiwa mabichi kwenye jiko la umeme la moto mdogo wa kutwa nzima, kwa sababu joto lisilofikia mchemko haliivunji sumu hiyo, na mtu anaweza kutapika vibaya kwa kula punje chache tu.

Baada ya hapo moto mdogo hadi yalainike, mara nyingi saa 1 hadi 2. Chumvi unaweza kuitia tangu mwanzo, haizuii kuiva kama wengi wanavyoamini. Kinachozuia ni uchachu: nyanya, siki na limau visubiri mpaka maharage yawe laini. Yakigoma kabisa, huenda yamekaa ghalani miaka, au maji yako ni magumu. Kwa maji magumu, chembe ya magadi au soda ya kupikia husaidia, lakini kidogo sana, maana ikizidi yanakuwa na ladha ya sabuni. Gramu 500 kavu hukupa zaidi ya kilo moja yaliyoiva. Yagawe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja pamoja na maji yake, na yasiyotumika ndani ya siku 3 yaende friza. Dengu ndogo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hadi 30, ndiyo maana zisikose kabatini.

*Supu ya mifupa.* Kila mifupa ya kuku inayobaki iwekwe kwenye mfuko ndani ya friza. Ikifika kilo moja, itie kwenye sufuria na maji baridi ya kuifunika tu, lita 2 hivi, kitunguu kilichokatwa nusu, karoti, jani moja au mawili ya kuleta harufu. Ikianza kuchemka engua povu, punguza moto hadi maji yawe yanatoa kiputo kimoja kimoja, acha saa 3. Mifupa ya ng'ombe inataka saa 6 na zaidi. Usitie chumvi, kwa sababu hujui utaipunguza kiasi gani baadaye. Chuja, poza haraka kwa kukalisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi, gawa kwenye vyombo vidogo. Ikigandamana kwenye friji kama jeli ujue umefaulu, huo ni utomvu wa mifupa na gegedu. Supu hii ndiyo inayochukua nafasi ya vipande vya kununua vya kutia ladha.

*Rojo.* Kilo 1 ya vitunguu, kilo 2 za nyanya mbivu, mafuta vijiko vya mezani 5, chumvi kijiko 1 cha chai, vitunguu saumu kadiri upendavyo. Katakata vitunguu vyembamba, vitie kwenye mafuta ya moto wa wastani pamoja na chumvi. Sasa sikiliza. Dakika 10 za mwanzo sauti ni ya kunong'ona na mvuke ni mwingi, kwa sababu maji yanatoka. Hapo hakuna rangi itakayokuja hata ukiongeza moto. Maji yakiisha sauti inabadilika, inakuwa kali na kavu, na kingo za vitunguu zinaanza kushika rangi ya asali. Hapa ndipo usiondoke. Koroga, kwangua kitako cha sufuria, ukiona panataka kuungua nyunyiza kijiko cha maji na endelea. Rangi hiyo ndiyo utamu wote: protini na sukari za kitunguu zinapokutana na joto kubwa huzaa mamia ya harufu mpya, jambo ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Ukiharakisha hatua hii rojo yako itakuwa na ladha ya kitunguu kilichochemshwa na utashangaa kwa nini cha kopo kinaonekana bora.

Tia vitunguu saumu dakika moja tu, kisha nyanya. Acha wazi bila mfuniko. Imeiva pale mwiko ukipitishwa kitakoni unaacha njia inayochelewa kujifunga na mafuta yanapanda juu na kujitenga. Hesabu kama saa nzima na nusu kwa jumla, nyingi ya kusubiri. Ikipoa, gawa kwenye vyombo vya kikombe kimoja kimoja, vingi viende friza.

Siku ya kuandaa misingi, fuata mpangilio huu: usiku loweka kunde. Asubuhi washa kwanza mifupa, kisha kunde, kwa kuwa vinajipika vyenyewe. Vikiwa jikoni, menya na kata vitunguu vyote vya wiki, siyo vya rojo tu. Rojo ikianza kukauka, osha na kausha majani na mboga. Kwa mifupa ya kuku, saa 3 na ushei zinatosha, na watu wawili wanamaliza bila kuchoka.

Wiki yenye sura, isiyo na ratiba ya chuma

Ratiba ya kila mlo kwa jina huvunjika siku ya pili. Panga kwa aina. Siku moja ya kunde, siku ya mayai, siku ya samaki au kuku, siku ya supu nzito, siku ya wali na mboga nyingi, siku ya viporo, na siku moja ya kupika kwa raha kitu kipya. Ndani ya kila aina, mboga na nafaka zinabadilika kwa msimu.

Ona jinsi misingi inavyofanya kazi. Rojo kikombe kimoja, maharage vikombe viwili, bizari na kipande cha tangawizi: dakika 15, mchuzi. Rojo hiyohiyo ikichemka kwenye kikaango, vunjia mayai 6 ndani yake, funika dakika 6. Supu lita moja, dengu kikombe kimoja, karoti na viazi vilivyokatwa vidogo: dakika 30, chakula cha watu 4. Rojo na tambi kavu, dakika 12. Mtu akishajua hayo manne, kitabu cha mapishi kinakuwa cha kusoma kwa furaha.

Kwa ajili ya ile jioni mbaya kabisa, weka milo 2 kamili kwenye friza na usiiguse siku nyingine. Iandike jina na tarehe. Ukitumia mmoja, mpika wa wiki inayofuata aongeze kiasi sufuriani ili kuurudisha.

Ladha, na ndimi zilizozoea chumvi

Malalamiko ya kwanza yatakuwa kwamba chakula hakina ladha. Wasikilize, wala msibishane. Vyakula vya kiwandani vina chumvi, sukari na vitia ladha vingi, na ulimi uliovizoea husikia chakula cha kawaida kama maji. Ulimi huo hujirekebisha, lakini kwa wiki kadhaa hadi miezi 2 au 3, kwa hiyo shusha chumvi polepole. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikijumuisha ile iliyomo tayari kwenye mkate na jibini.

Chakula kikipwaya, kabla hujaongeza chumvi jaribu uchachu. Matone ya limau au siki mwishoni, baada ya kuepua, huamsha mchuzi wa maharage kuliko chumvi nyingine. Kisha jaribu majani mabichi, vitunguu vilivyokaangwa hadi kahawia, viungo vilivyokaushwa kikaangoni na kusagwa papo hapo. Na onja. Onja mwanzoni, katikati na mwishoni, na mpe mtoto naye aonje aseme kinakosa nini.

Watu wa nyumba

Kama mzigo wote utamwangukia mama, au mtu mwingine yeyote mmoja, mpango huu utamuumiza, na naomba usiuanze. Kupika kuna kazi nyingi zisizoonekana: kufikiria tutakula nini, kujua nini kimeisha, kununua, kuchambua, kukata, kupika, kuosha vyombo, kupanga viporo. Ziandikeni zote kwenye karatasi na mgawane kwa majina. Baba anayesema hajui kupika anaweza kuwa mwenye kunde na supu, kazi isiyotaka ufundi mkubwa, ila kukumbuka. Kijana wa miaka 12 anaweza kuwa na siku yake ya mayai. Mtoto wa miaka 4 anaosha majani, anachambua dengu, anachanganya unga, na mara nyingi atakila alichokigusa.

Kwa mtoto anayekataa chakula, nashikilia mgawanyo wa mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter: mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Weka mezani kila mlo angalau kitu kimoja anachokijua. Kipya kiwe kidogo, kijiko kimoja, bila kulazimisha na bila kuahidi tamu akimaliza. Inaweza kuchukua mara 10 na zaidi kabla mtoto hajakikubali chakula kipya, na wazazi wengi hukata tamaa mapema mno. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, asali isitumike kabisa hata ndani ya chakula kilichopikwa, kwa hatari ya botulini, sumu ya bakteria inayolemaza misuli.

Usalama wa viporo

Ukipika kwa wingi unahifadhi kwa wingi, na hapa uzembe hauna nafasi. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Sufuria kubwa ya moto ikiingizwa nzima kwenye friji katikati yake hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, kwa hiyo gawa kwenye vyombo vifupi kwanza. Friji iwe chini ya nyuzi 5, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Viporo vya friji viliwe ndani ya siku 3, na kupasha maana yake ni kitoe mvuke mpaka katikati, nyuzi 70 au zaidi.

Wali unahitaji tahadhari yake. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo haziuawi kwa kupikwa. Wali ukibaki kwenye joto la chumba mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga upya. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake.

Ubao wa nyama mbichi uwe tofauti na wa mboga. Na usihifadhi mboga au maharage kwenye chupa zilizofungwa nje ya friji kwa kuchemsha kwa maji ya kawaida. Mbegu za bakteria wa botulini haziuawi kwa mchemko wa kawaida, huhitaji nyuzi 121 hivi chini ya presha maalumu ili zife. Friza ni rafiki salama zaidi.

Sasa mkate na mtindi

Misingi ikishakaa, labda mwezi wa 3, ingia hapa.

Mtindi: pasha lita 1 ya maziwa hadi nyuzi 85, yaani yanatoa mvuke na kutetema kingoni bila kufura. Poza hadi nyuzi 43 hadi 45, joto ambalo kidole safi kinalivumilia kwa kuhesabu hadi 10. Changanya vijiko 2 vya mezani vya mtindi mweupe ulio hai, funika, vika sufuria taulo nene, iache saa 6 hadi 8 bila kuitikisa. Weka kidogo cha mbegu kwa safari ijayo. Ukianza kuwa mwepesi baada ya mizunguko kadhaa, nunua mbegu mpya.

Mkate: unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 330, chumvi gramu 10, hamira ya chenga gramu 7. Pima kwa mizani, vikombe vinadanganya kwenye unga. Kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na linarudi likibonyezwa. Funika hadi liwe mara mbili, saa 1 hadi 2 kulingana na joto la chumba. Litoe hewa, lisokote, liache tena dakika 40. Oveni nyuzi 220, dakika 30 hadi 35. Gonga chini yake, mlio ukiwa wa kitu kilicho wazi ndani umeiva. Usiukate ukiwa moto, ndani bado unajipika. Asiye na oveni agawanye donge lilelile vipande 8, asukume vyembamba, apike kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, dakika 2 kila upande.

Vya kuendelea kununua bila aibu

Nyanya za kopo ambazo ndani yake ni nyanya na chumvi, kwa msimu ambao mbichi hazina ladha. Mboga zilizogandishwa, ambazo mara nyingi huvunwa zikiwa zimekomaa na kugandishwa haraka, kwa hiyo virutubisho vyake havina shida. Tambi kavu, siagi, jibini, siki, samaki wa kopo. Maharage ya kopo mawili matatu kwa dharura, ukiyaosha kwa maji kupunguza chumvi. Keki ya sherehe, ukitaka. Na chakula cha kununua mara moja moja mkiwa mmetoka pamoja, ilimradi mmekichagua, siyo kwamba jikoni hapakuwa na kitu.

Daftari la wiki ya kwanza lihifadhi. Baada ya miezi 6 rudia zoezi lilelile kwa siku 7, ulinganishe kurasa mbili hizo, na kilichobaki kikijirudia mara nyingi kwenye ukurasa mpya ndicho cha kufanyia kazi wiki 2 zinazofuata.